Kutoka Barabara ya Kirinyaga hadi Kilele cha Lenana: Majina ya Mlima Kenya na Kumbukumbu ya Mpagazi

Ikisiri

Makala haya yanayasoma majina ya vilele, mabonde na barafu ya Mlima Kenya kama matini. Yanaanzia katika mitaa ya Nairobi, ambako baadhi ya majina hayo hutajwa kila siku bila kufikiriwa, kisha yanapanda hadi Bonde la Teleki na Kilele cha Lenana. Hoja kuu ni kwamba ramani ya mlima huu imewahifadhi waliokuja na kalamu na kuwasahau waliobeba mizigo, ilhali Kiswahili kilipanda mlimani humo kwa vinywa vya hao wabebaji. Mwishoni, makala yanapendekeza kazi ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuifanya kabla ya wakati kumpita.

1. Utangulizi

Mwezi wa Februari, sisi wanafunzi sita wa Kiswahili tuliupanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru. Tuliporejea, nilipewa jukumu la kuandika taarifa ya safari kwa ajili ya chama chetu. Niliandika kurasa tatu usiku mmoja, nikaridhika nazo. Asubuhi yake, mwenzangu aliyezisoma aliniuliza swali moja tu: mbona sisi sote sita tumetajwa kwa majina, na wale waliotubebea hema na vyakula wameitwa "wapagazi watatu"? Sikuwa na jibu. Swali lile ndilo lililozaa makala haya.

Wanafunzi wa isimu wanafahamu kwamba uchunguzi wa majina ni taaluma yenye misingi yake. Jina la mahali halioti lenyewe kama uyoga. Kuna aliyelitoa, kuna aliyekusudiwa, kuna lugha iliyotumiwa, na aghalabu kuna jina jingine lililosukumwa kando ili hilo lipate nafasi. Kwa hiyo, katika kuyasoma majina ya mlima huu tutajiuliza maswali manne: Nani aliyetaja? Alimtaja nani? Kwa lugha ipi? Na nani aliachwa? Msomaji anaweza kuyatumia maswali hayo hayo kuusoma mto, mtaa au soko la kwao.

2. Mlima ndani ya jiji

Si lazima mtu atoke Nairobi ili aanze kuuona Mlima Kenya. Asubuhi ya anga safi, aliye juu ya Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta anaweza kuuona upande wa kaskazini, takribani kilomita 150 kutoka alipo, na akigeuka magharibi akaiona Milima ya Ngong. Hata hivyo, wengi wetu tunaukutia mlima huu katika vibao vya barabara kabla ya kuuona kwa macho.

Tuchukue Barabara ya Kirinyaga, katikati ya jiji, karibu na River Road. Kirinyaga ni jina la Wagikuyu kwa Mlima Kenya, na katika imani yao ya jadi mlima huo ni makao ya Ngai. Lakini ukimwuliza fundi wa magari katika eneo hilo yuko wapi, huenda akakujibu kuwa yuko "Grogan". Hilo ndilo lililokuwa jina la barabara hiyo zama za ukoloni, kwa heshima ya Ewart Grogan, mlowezi aliyepata umaarufu kwa safari yake ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Mwaka 1907, Grogan huyo aliwachapa viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, Wagikuyu watatu waliokuwa wavuta rikisho. Kibao kilibadilishwa baada ya uhuru, ndimi hazikubadilika. Jina la mlima limeandikwa juu ya jina la mlowezi, na jina la mlowezi bado linachungulia.

Si mbali na hapo liko soko la Kariokor. Jina hili lilitokana na maneno ya Kiingereza yaliyokitaja kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wenyeji waliyatamka kwa silabi zao, yakawa Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Katika Barabara ya Kenyatta pia zimesimama sanamu tatu za ukumbusho, na mojawapo ni ya mpagazi. Maandishi yaliyo chini yake yametiwa kwa Kiswahili pia. Hivyo, katika mwendo mfupi wa miguu jijini, mtu anaweza kupita penye jina la mlima na kufika penye jina la mpagazi. Tutaona kwamba mlimani kwenyewe majina hayo mawili hayakukutanishwa.

Sasa tuelekee magharibi. Katika mtaa wa Kilimani kuna Barabara ya Lenana. Ukiabiri matatu ya Ngong, utamsikia utingo akiita "Lenana!" kwa abiria wanaoshuka karibu na Shule ya Lenana, iliyoanzishwa mwaka 1949 kwa jina la mwanamfalme wa Kiingereza na kupewa jina lake la sasa mwaka 1969. Lenana ni nani? Ni Olonana, laiboni wa Wamaasai, mwana wa Mbatian. Waingereza walimtambua kuwa chifu mkuu, na alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi mkataba wa mwaka 1904 ambao kwao Wamaasai walihamishwa kutoka sehemu kubwa ya Bonde la Ufa. Alifariki mwaka 1911. Abiria anayeshuka "Lenana" na mpandaji anayefika "Lenana" kwenye mita 4,985 wanalitaja jina la mtu mmoja, lililopunguzwa kiambishi chake cha Kimaasai ili liwe jepesi katika ulimi wa mgeni. Hata jina la jiji lenyewe limetokana na Kimaasai, kwa maana ya maji baridi.

3. Bonde la Teleki na tabaka za majina

Kutoka Nairobi tulipitia Thika, Sagana na Karatina hadi Naro Moru, mji mdogo ambao jina lake nalo lina asili ya Kimaasai. Hufasiriwa kuwa ni mahali pa mawe meusi. Lango la hifadhi liko kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi. Siku ya kwanza tulitembea katika msitu wa miti mirefu, kisha katika mianzi, tukalala kwenye kituo cha hali ya hewa, karibu mita 3,050. Siku ya pili ndiyo iliyotufunza adabu. Juu ya msitu kuna mteremko mrefu wa kinamasi wenye vichaka vya nyasi. Unakanyaga kichaka, kinayumba, mguu unazama kwenye matope baridi hadi kwenye goti. Baada ya saa kadhaa za mapambano hayo tulifika ukingoni, na Bonde la Teleki likatufungukia mbele.

Mimea ya bonde hilo haifanani na chochote tulichokijua. Kuna lobelia zilizosimama kama minara, na seneshio kubwa zenye vigogo vinene vilivyovikwa majani makavu. Mzee aliyekuwa akituongoza alitueleza kwamba majani hayo makavu hayadondoki kwa sababu ndiyo blanketi la mti. Mchana bonde lina jua kali, usiku maji huganda. Pimbi walitusogelea bila woga, wakitazamia makombo. Na nyuma ya hayo yote, mwisho wa bonde, vilisimama vilele viwili vyeusi: Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188.

Hapa tunaweza kuanza kuzihesabu tabaka za majina.

Tabaka ya kwanza ni ya majirani wa mlima. Wagikuyu huuita Kirinyaga, na Wakamba huuita Kiinyaa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona kutoka Kitui tarehe 3 Desemba 1849, na jina alilolisikia kwa Wakamba ndilo lililokuja kuandikwa Kenia, kisha Kenya. Kwa hiyo, jina la taifa letu zima ni matamshi ya mgeni aliyekuwa akisikiliza kwa makini, lakini si kwa makini ya kutosha. Tafsiri ya jina hilo inabishaniwa. Wapo wanaolihusisha na mbuni, kwa kuwa mlima una weusi wa miamba na weupe wa barafu kama manyoya ya ndege huyo. Wapo wanaolihusisha na mng'ao. Fasiri hizo zote mbili zinategemea weupe wa kileleni, jambo ambalo tutalirudia.

Tabaka ya pili ni ya wasafiri na wanasayansi. Bonde tulilolala linamkumbuka Samuel Teleki, mwungwana wa Hungaria aliyefika upande huo mwaka 1887 na kupanda hadi kiasi cha mita 4,300. J. W. Gregory alifuata mwaka 1893. Barafu kubwa iliyo chini ya Kilele cha Lenana inaitwa Lewis, kwa heshima ya mwanajiolojia wa Marekani ambaye hakuwahi kuiona. Nyingine zinaitwa Tyndall, Forel na Heim, majina ya wataalamu walioichunguza barafu ya milima ya Alps, Ulaya. Kwa hakika, mtu anayeisoma ramani ya Mlima Kenya bila kuangalia kichwa chake angeweza kudhani anasoma orodha ya wahadhiri wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa.

Tabaka ya tatu ni ya majina ya Kimaasai yaliyotolewa na Mwingereza. Halford Mackinder, aliyefika kilele cha juu kwa mara ya kwanza mwaka 1899, aliviita vilele vitatu kwa majina ya Mbatian, nduguye Nelieng, na mwanawe Olonana. Jirani na hapo kuna kilele cha Sendeyo, ambaye naye alikuwa mwana wa Mbatian. Wasomaji wa historia wanajua kwamba Olonana na Sendeyo waligombania urithi wa baba yao na kuwagawanya watu wao katika vita, hadi Sendeyo alipomrejea nduguye mwaka 1902. Waswahili husema milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Ndugu hao wawili walikutana wakiwa binadamu. Walipofanywa milima, wakasimamishwa mbalimbali daima.

4. César, Joseph na wapagazi sitini na sita

Safari ya Mackinder inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa ilianzia hapa Nairobi. Reli ilikuwa imefika mwezi wa Mei 1899, na Nairobi ilikuwa kambi ya mahema na vibanda vya mabati. Mwishoni mwa Julai msafara uliondoka. Ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wagikuyu 96 na Wamaasai 2 wa kuonyesha njia. Neno Mswahili katika misafara ya wakati huo lilitumiwa kwa upana: liliwajumuisha watu wa pwani na watu wa bara waliokuwa wameajiriwa pwani. Lililowaunganisha ni kazi na lugha. Amri za kuamka, kufunga mizigo, kuvuka mto na kupiga kambi zilitolewa kwa Kiswahili.

Miongoni mwa Wazungu sita walikuwamo waongozaji wawili wa milimani, César Ollier na Joseph Brocherel. Walitoka Courmayeur, kijiji kilicho bondeni chini ya Mont Blanc, mlima mrefu kuliko yote katika Alps. Katika mabonde yale, kuwaongoza wageni kwenye barafu ilikuwa kazi ya kulipwa, yenye heshima na yenye kurithishwa. Tarehe 13 Septemba 1899, Mackinder, Ollier na Brocherel walisimama juu ya Batian. Bila waongozaji hao, waliokata ngazi kwenye barafu ngumu kwa saa nyingi, Mackinder asingefika. Ramani imelikiri jambo hilo: upande wa kaskazini-magharibi wa mlima kuna barafu mbili, moja inaitwa César na nyingine Joseph. Waongozaji wale hawakuwa wasomi wala makabaila. Walikuwa watu wa kazi wa kijijini, na wakapewa barafu kwa majina yao ya kwanza, kama watu waitanavyo nyumbani. Ni heshima iliyostahili, na makala haya hayaibezi.

Lakini swali letu la nne linabaki. Nani aliachwa? Mwaka ule nchi ilikuwa katika njaa kuu na ndui. Chakula cha msafara kilikwisha, na watu walitumwa mbali kukitafuta. Waswahili wawili waliuawa katika pilikapilika hizo. Isitoshe, katika hati zilizosalia za safari hiyo imo orodha ya wapagazi, na watafiti wameonyesha kwamba kando ya majina manane kuna maelezo kuwa wenye majina hayo walipigwa risasi kwa amri. Nini hasa kilichotokea kingali kinajadiliwa na wanahistoria. Kwa madhumuni yetu, jambo moja liko wazi: majina ya wapagazi yalijulikana na yaliandikwa. Yaliandikwa katika orodha ya msafara, mahali pa kuhesabia watu na ujira. Hayakuvuka kutoka orodhani hadi kwenye ramani. Hakuna barafu, bonde wala ziwa la Mlima Kenya linaloitwa kwa jina la mmoja wa wale sitini na sita.

Hapa ndipo nilipolazimika kuisoma tena taarifa yangu. Mimi sikuwa Mackinder, wala hakuna aliyeuawa. Hata hivyo, kwa kalamu yangu mwenyewe nilikuwa nimetenda lile lile: nilikuwa na majina kwenye karatasi ya malipo, na sikuyavusha hadi kwenye masimulizi.

5. "Mlima imemshika": lugha ya njia

Jambo la pili lililonitahayarisha lilitokea usiku wa pili, kwenye kambi inayoitwa kwa jina la Mackinder, karibu mita 4,200. Mmoja wetu alikataa chakula cha jioni, akasema kichwa kinamuuma kidogo tu. Alipoinuka kwenda kunawa, alipepesuka. Tukamwambia ni uchovu. Mzee aliyetuongoza alimtazama, akamwomba atembee hatua kumi mbele yake, kisha akasema: "Wanangu, huyu mlima imemshika. Anashuka sasa, si kesho."

Msomi wa sarufi ataona upesi kwamba upatanisho wa kisarufi umekiukwa, kwa kuwa mlima ni wa ngeli ya U-I na ilipasa kuwa "umemshika". Mimi nililiona hilo. Ninaungama kwamba nililiona kabla ya kuzingatia hali ya mwenzangu aliyekuwa amesimama mbele yangu akiyumba.

Tuliyajaribu maneno yetu. Kitabuni mtu angeandika "ugonjwa unaosababishwa na upungufu wa oksijeni katika mwinuko mkubwa". Ni fasili sahihi, lakini haiwezi kutamkwa na mtu anayetweta, wala haimwambii mgonjwa afanye nini. Mzee alikuwa na istilahi fupi iliyofuata kanuni ya Kiswahili tunayoijua sote: homa humshika mtu, kikohozi humshika mtu, na mlima humshika mtu. Sentensi hiyo inamwondolea mgonjwa aibu, maana aliyeshikwa si mvivu wala mwoga. Inabeba pia tiba, kwa sababu kilichokushika huponyokwi nacho kwa kuzidi kukiingia. Unajitoa kwa kushuka. Mwenzetu alishushwa usiku ule ule na mmoja wa wapagazi. Alimbebea mkoba, akamshika mkono kupita kwenye kile kinamasi, akamfikisha kituo cha chini salama. Asubuhi alikuwa akinywa chai na kucheka. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Ngoma ile aliicheza mtu ambaye katika taarifa yangu alikuwa theluthi moja ya "wapagazi watatu".

Tangu hapo nilianza kusikiliza. Waongozaji na wapagazi wa Naro Moru huzungumza Kigikuyu wenyewe kwa wenyewe na Kiswahili na wageni wa nchi hii, na katika Kiswahili hicho mlima una mwili. Una mgongo tunaoufuata, una bega tunalopumzikia, bonde lina mdomo, na njia ina koo pale inapobanwa na miamba. Changarawe inayoteleza chini ya Lenana "inakula hatua", kwa sababu unapanda hatua mbili na kurudishwa moja. Sidai kwamba maneno haya ni ya mlima huu pekee. Ninachodai ni kwamba ni Kiswahili hai cha mahali ambako hatukuzoea kukitafuta. Tumezoea kusema kwamba Kiswahili ni tajiri wa bahari: kina maji kujaa na maji kupwa, kusi na kaskazi, ngalawa na jahazi. Kutokana na ukweli huo, baadhi yetu hufikia uamuzi usio wa kweli, kwamba hakiwezi kuusimulia mlima wenye theluji.

Historia ya fasihi yetu yenyewe inaupinga uamuzi huo. Mwaka 1901, Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa masimulizi ya safari. Miongoni mwa wasimulizi alikuwamo Selim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 akiwa mtumishi wa Mjerumani mmoja. Huyo alikuwa mtu wa kazi, si bwana wa msafara, na aliusimulia ulimwengu wa baridi kali kwa Kiswahili kabla ya sisi kuzaliwa. Laiti mmoja wa wale sitini na sita wa mwaka 1899 angeombwa asimulie vivyo hivyo, leo tungekuwa na matini ya Kiswahili juu ya kupandwa kwa Mlima Kenya kwa mara ya kwanza. Hakuombwa.

6. Kileleni, na barafu inayoondoka

Tulianza safari ya mwisho saa tisa usiku, watano tuliobaki, kwa mwanga wa kurunzi. Kulipopambazuka tulikuwa juu ya Lenana. Chini yetu mawingu yalikuwa yametanda pande zote na vilele vidogo vikichomoza kama visiwa. Mwenzetu mzaliwa wa Lamu alitazama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Maji yamejaa." Hakuna aliyeongeza neno. Bahari ilikuwa imeupata mlima bila kuombewa ruhusa na kamusi yoyote.

Kilele cha Lenana kinaizidi kwa kimo Mont Blanc, isiyofikia mita 4,820. Ni kilele chenye kumbukumbu yake katika historia ya taifa pia: usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao alikipandisha bendera ya Kenya huru. Majirani zetu wa Tanzania walienda hatua moja mbele, kwani kilele cha Kilimanjaro kilichokuwa kikiitwa kwa jina la mfalme wa Ujerumani kinaitwa Uhuru, na kambi mojawapo ya mpandaji inaitwa Barafu. Huko mpandaji hulala kwenye neno la Kiswahili na kuamkia kwenye jingine.

Mzee alituonyesha Barafu ya Lewis, chini kidogo ya tuliposimama. Nilitarajia mto mweupe. Niliona bamba la kijivu lenye vumbi, na maji yakichuruzika pembeni. Alinyoosha mkono kuonyesha hadi wapi ilikuwa ikifika alipoanza kazi akiwa kijana, na mkono ule ulikwenda mbali. Vipimo vinamuunga mkono: baina ya mwaka 1934 na 2010, barafu hiyo ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Ile iliyoitwa Gregory imekwisha. César na Joseph nazo zimenywea sana. Wanasayansi wanakadiria kwamba barafu yote ya mlima huu huenda ikatoweka katika miongo michache, wengine wakisema mapema zaidi.

Maana ya jambo hili kwa mwanafunzi wa lugha ni kubwa. Jina Kirinyaga, ikiwa kweli linahusiana na weupe, litabaki bila kile lilichokiita. Waongozaji wawili wa Alps, waliopewa majina juu ya barafu, watabakiwa na majina juu ya mawe matupu. Na maneno ya Mzee kuhusu barafu, jinsi inavyolia usiku, jinsi inavyojulikana kuwa ni mbovu kwa kutazamwa rangi, yatakosa wa kuyarithi, kwa sababu vijana wanaoanza kazi leo hawana pa kuyatumia. Maji ya kunywa na kumwagilia huko chini yana wapiganiaji wake, na ni haki. Maneno haya nani atayapigania, kama si sisi?

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba majina ya Mlima Kenya yana tabaka, na kwamba katika tabaka hizo mpagazi hayumo, ingawa jiji la Nairobi limemkumbuka kwa soko na sanamu. Yameonyesha pia kwamba Kiswahili hakikukosa maneno ya mlima; kilichokosekana ni mwandishi aliye tayari kuyasikiliza. Sipendekezi kwamba tufute Teleki, Lewis au César kwenye ramani. Jina lililofutwa huzua ubishi wa miaka mingi, kama Grogan anavyotufundisha. Ninapendekeza kazi ndogo zaidi na ngumu zaidi: kila chama cha wanafunzi kinachopeleka watu mlimani kirudi na daftari la maneno na masimulizi ya waongozaji na wapagazi, yakiwa na majina ya wasimulizi endapo wao wenyewe watakubali.

Taarifa ya safari yetu nimeiandika upya. Nilirudi Naro Moru kwa ajili hiyo, nikawasomea rasimu. Mzee aliuliza kwa nini nimemnukuu akisema "umemshika" ilhali yeye hakusema hivyo. Nikaurudisha mdomo wake kama ulivyokuwa. Majina yao wanne sasa yamo katika taarifa inayohifadhiwa na chama. Hapa siyataji, kwa kuwa nilipowauliza kuhusu kuyachapisha jaridani, wawili walisema wangependa kwanza kuzungumza na jamaa zao, na jina ni mali ya mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana

1. Chagua barabara tatu za mji wenu. Kwa kila moja, jibu maswali manne yaliyotolewa katika utangulizi.
2. Linganisha maneno "mlima umemshika" na fasili ya kitabibu ya hali hiyo. Kila moja ina manufaa gani, na kwa nani?
3. Je, mwandishi anayenukuu usemi usio sanifu anapaswa kuusanifisha? Toa sababu zako.
4. Mhoji mtu mmoja anayefanya kazi ya mikono katika eneo lenu. Andika maneno ishirini ya kazi yake, na umwulize kama angependa jina lake litajwe.